Chupa za Bi Darubini

Nyani haoni kundule. Methali hii kila mtu anaijua, na kila mtu huicheka akiisikia, kwa kuwa kila mtu hudhani anayesemwa ni jirani yake. Wahenga hawakuwa na ugomvi na nyani. Walitusema sisi, tulio hodari wa kuhesabu madoa kwenye nguo za watu huku zetu tumezivaa kinyume. Walitaka kutuambia kwamba aibu ya mwenzako iko mbele ya macho yako, ila yako iko nyuma, mahali ambapo shingo haifiki hata uipinde vipi. Bi Darubini, ambaye habari zake ndizo hizi, alikuwa na macho makali kuliko watu wote wa mji wake, na macho hayohayo nusura yawafukuze watu wasio na hatia katika nyumba yao.

Mji wenyewe ulijibanza kati ya bahari na kilima. Ulikuwa na shule tatu za umma, zikiitwa kwa mahali zilipo: shule ya juu, shule ya kati na shule ya ufukweni. Chumvi ilikuwa imekula kila kilicho cha chuma, kuanzia bawaba za madirisha hadi miguu ya madawati. Maji yalitoka kwenye visima vya shule, yakapandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi, kisha yakateremka kwenye mabomba ya uwanjani. Mwaka mmoja wanafunzi waliharisha kwa wingi hata madarasa yakabaki nusu. Wazazi walipochoka kusubiri wakubwa wachukue hatua, waliunda kikundi cha kujitolea cha kupima maji.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatatu asubuhi mpimaji alikwenda kwenye shule aliyopangiwa, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke kwa hesabu ya mia moja, kisha akakinga chupa. Chupa ziliwekwa kwenye sanduku la barafu na kupelekwa maabara ya shule ya kati. Huko mwalimu wa sayansi alitia unga maalumu, akaziacha kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Maji yakibaki meupe, ni salama. Yakigeuka manjano, yameingiliwa na uchafu na hayafai kunywewa.

Bi Darubini alikuwa muuguzi mstaafu. Jina hilo alibandikwa na wauguzi wenzake, kwa maana alipoingia wodini aliliona vumbi lililo chini ya kitanda kabla ya kumwona mgonjwa aliye juu yake. Alikuwa mjane, akiishi na mwanawe wa kiume, mkwewe na mjukuu wake wa kike wa miaka minane. Mkwe huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa sayansi. Uani kwao palikuwa na birika la maji ya mvua, lililochimbwa na marehemu mumewe, likafunikwa kwa bati na kutiwa kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa Bi Darubini usiku na mchana. Majirani walipomwomba ndoo moja wakati wa kiangazi, jibu lake lilikuwa lilelile.

"Maji haya najua nani kayagusa," aliwaambia. "Nikianza kugawa, sitajua tena."

Miezi miwili ya kwanza shule zote zilitoka nyeupe. Mwezi wa tatu mpimaji wa shule ya ufukweni alihamishwa kikazi, na Bi Darubini akaomba nafasi yake, kwa sababu mjukuu wake alisoma hapo na tumbo lilikuwa likimsokota tangu mwisho wa mvua. Jumanne ya kwanza chupa ya ufukweni ilitoka manjano. Mzazi mwingine angeshtuka. Bi Darubini alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeletewa barua anayojua kilichoandikwa ndani.

"Mmeona?" alisema. "Yule wa kwanza alikuwa hapimi. Alikuwa akichota maji tu na kwenda zake."

Siku ileile alimkataza mjukuu wake kugusa maji ya shule. Kila asubuhi alimjazia chupa ya maji ya birika, akaikaza kifuniko kwa mkono wake mwenyewe na kumpa. Baada ya hapo alianza kumtafuta mchawi.

Hakwenda mbali. Tangi la shule ya ufukweni lilitunzwa na mwanamke mmoja mcheshi, mwenye mwili, aliyeitwa Mama Funguo kwa sababu ya pete ya funguo iliyoning'inia kiunoni mwake. Alikuwa akilea watoto watatu peke yake. Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya shule, vyumba alivyopewa kwa ajili ya kazi ile. Kazi ikienda, vyumba vingekwenda nayo, na hilo kila mtu alilijua.

Jumatatu iliyofuata Mama Funguo alimkuta Bi Darubini ameinama kwenye mguu wa tangi akinusa.

"Shikamoo, mama," alimwamkia.

Bi Darubini hakuitikia. Alijinyoosha, akapangusa mikono. "Nani mwingine ana ufunguo wa hili tangi?"

"Ni mimi tu, mama."

"Wewe tu."

"Ndiyo. Mwalimu mkuu alisema ukiwa kwa wengi utapotea."

"Na nguo za wanao unafulia wapi?"

"Kule nyuma, penye karo."

"Maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanateremka ufukweni, mama. Tangi liko huku juu. Maji hayapandi mlima."

"Sikukuuliza habari za mlima," alisema Bi Darubini, akafungua mkoba wake na kuandika jambo kwenye daftari. Mama Funguo alibaki amesimama na salamu yake mkononi, asijue aipeleke wapi.

Jumanne chupa ilitoka manjano tena. Ikatoka manjano na wiki ya tatu. Kamati ya wazazi ilikutana kwenye chumba cha walimu, chini ya feni iliyokuwa ikilalamika kuliko wajumbe. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole anayeogopa kelele, na kikao kile kilikuwa na kelele nyingi. Bi Darubini alisimama akisubiri wanyamaze.

"Ufunguo mmoja, mkono mmoja, uchafu mmoja," alisema. "Hapo panahitaji hesabu gani?"

"Labda ni kisima," mzazi mmoja alijaribu.

"Kisima kingekuwa kibovu, kingekuwa kibovu tangu mwanzo. Kuna mtu anafanya jambo humo ndani. Mimi nimekaa wodini miaka thelathini. Mchafu namjua hata akija amejipaka manukato."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mama Funguo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, kuliko maneno yenyewe. Iliamuliwa asimamishwe kazi kwa mwezi mmoja. Tangi lingesafishwa, na kama maji yangetoka meupe akiwa hayupo, basi ingedhihirika kwamba yeye ndiye mwenye kosa, na angefungasha virago. Funguo zilikabidhiwa kwa Bi Darubini. Mama Funguo alizitoa moja moja kwenye pete, polepole.

Jumamosi wazazi waliingia tangini na fagio na ndoo. Walitoka haraka kuliko walivyotarajia, kwa kuwa hapakuwa na cha kufagia. Sakafu ya tangi ilikuwa safi hata unaweza kulala.

"Kapata habari mapema, akawahi kusafisha," Bi Darubini alieleza, na wapo walioitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo dhana ilivyo. Ukikuta uchafu, ni ushahidi. Usipoukuta, ni ushahidi mkubwa zaidi.

Lakini Jumanne chupa ilitoka manjano.

Bi Darubini alisema Mama Funguo ana ufunguo wa akiba. Kufuli likabadilishwa. Chupa ikatoka manjano. Alibeba kiti chake akakilinda kisima kutwa nzima juani, akiwafukuza wanafunzi waliokuja kuokota mpira. Chupa ikatoka manjano. Akaanza kumshuku mwenye nyumba ya wageni iliyopakana na shule, kisha muuza barafu, kisha mwalimu mkuu, kwa hoja kwamba mtu mpole namna ile lazima anaficha jambo. Walimu walipomwona anakuja walikumbuka ghafla kwamba wana kipindi. Na nyumbani mjukuu wake alizidi kukonda, akawa anarudi kutoka shuleni ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mezani jioni moja alimgeukia mkwewe.

"Huo unga wako wa kupimia unaufungia wapi?"

Mwalimu wa sayansi aliweka kijiko chini. "Kabatini, mama. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Chupa zote tatu natia unga wa pakiti moja. Mbili zinatoka nyeupe."

"Ndiyo maana nauliza."

Mume wa mwalimu alijifanya hakusikia, akaendelea kula. Mwalimu aliumia sana. Usiku na mchana alikuwa akikanda tumbo la binti yake, na sasa anatuhumiwa na bibi wa mtoto huyohuyo. Hata hivyo alinyamaza, kwa kuwa alikuwa mkwe na nyumba haikuwa yake. Ila tangu hapo naye alianza kuwaza. Kilichobadilika mwezi wa tatu kilikuwa nini? Kisima kilikuwa kilekile, tangi lilelile, unga uleule. Kilichobadilika ni mchotaji. Wazo hilo lilimtisha, akaliweka pembeni kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja.

Mwezi ulipokwisha kamati ilikutana tena. Bi Darubini alikuja na pendekezo jipya. Kwa kuwa maji yalikuwa bado machafu, alisema, ni dhahiri uchafu unatoka kwenye vyumba vile viwili, na dawa yake ni kuwaondoa wanaoishi humo. Mwalimu mkuu alipangusa jasho, akauliza kama mtuhumiwa ana la kusema. Mama Funguo alisimama. Mcheshi yule alikuwa amepungua, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mwezi mzima sijaligusa tangi," alisema. "Funguo mnazo, kufuli mmebadilisha, mlinzi kakaa na kiti chake. Maji yakaendelea kuwa manjano. Kama mchafuzi ni mimi, basi nina mkono mrefu kweli. Mimi sikusoma sana, lakini mtu akiibiwa sokoni, huulizwa wote waliokuwepo, hata aliyepiga kelele za mwizi. Naomba jambo moja. Bomba lilelile, saa ileile, mama achote chupa yake, na mwalimu wa sayansi achote nyingine kando yake."

Hakuna aliyetaka kumtazama Bi Darubini usoni.

"Unanishuku mimi?" aliuliza Bi Darubini, taratibu.

"Simshuku mtu, mama. Naomba tupime."

"Hata sasa hivi," Bi Darubini akajibu, akachukua mkoba wake.

Kamati nzima iliwafuata hadi uwanjani. Bomba lilifunguliwa, mwalimu mkuu akahesabu hadi mia moja kwa sauti, mbiombio kama anayekimbizwa. Bi Darubini alitoa chupa yake mkobani, akakinga, akafunga. Mwalimu wa sayansi naye alichukua chupa mpya kutoka kwenye boksi, akakata utepe wa lakiri na kufungua kifuniko. Chini ya chupa kulikuwa na kidonge kidogo cheupe.

"Unakiona hicho?" Bi Darubini alisema, akiwageukia wajumbe kwa fahari. "Huo ndio uchafu wanaotuletea kutoka kiwandani. Nani anajua wamezishika kwa mikono gani? Nyinyi mnazitumia hivyohivyo. Mimi kila Jumapili nazikata lakiri, namwaga hayo matakataka yao, nazisuuza mara tatu ndipo nazitia mkobani."

Mwalimu alisimama na chupa mkononi. Hakutaka kuuliza, na alijua lazima aulize.

"Unazisuuza kwa maji gani, mama?"

"Maji gani tena? Ya birika langu. Kwani kuna mengine ya kuaminika?"

Ilikuwa ajabu kuona jambo linavyowaingia watu wote kasoro mmoja. Mwalimu alieleza, akitazama chini, kwamba kidonge kile huwekwa makusudi na watengenezaji, ili kuzima nguvu ya dawa iwapo maji yametiwa dawa, na kwamba chupa ile tayari imesafishwa kuliko kitu chochote walicho nacho majumbani, ndiyo maana inafungwa lakiri. Kila mpimaji alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza. Bi Darubini naye alifundishwa. Hakusikiliza, kwa kuwa muuguzi wa miaka thelathini hakuona kwamba anaweza kufundishwa chupa.

"Basi naomba na ya tatu," Mama Funguo alisema. "Ichotwe birikani."

Bi Darubini aliuvua ufunguo shingoni kwa hasira. Alikwenda nao mwenyewe, wajumbe wawili nyuma yake, akachota mwenyewe kwenye chupa yenye lakiri. Chupa zote tatu alizitia saini yake kwa wino usiofutika, maana hakumwamini mtu.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa maabara. Mwalimu alifungua kabati la joto, akazipanga chupa mezani. Maji ya bomba kwenye chupa ya mwalimu yalikuwa meupe. Maji hayohayo kwenye chupa ya Bi Darubini yalikuwa manjano. Na maji ya birika yalikuwa manjano yaliyokolea.

Bi Darubini alifungua mdomo aseme chupa zimebadilishwa. Akaiona saini yake kwenye kila moja. Akaufunga mdomo, akavuta kiti, akakaa. Aliona haya, haya kali iliyompanda hadi masikioni, lakini nyuma ya haya ilikuja hofu, na hofu ilikuwa mbaya zaidi. Alikumbuka chupa aliyokuwa akimkazia mjukuu wake kila asubuhi. Wakubwa wa nyumba ile walikunywa chai, maji yakiwa yamechemka. Aliyekunywa ya birika mabichi alikuwa mtoto peke yake.

"Nimempa kwa mkono wangu," alisema.

Mwalimu angeweza kusema mengi, na haki alikuwa nayo. Alimshika bega mama mkwe wake, akamwambia waende nyumbani.

Bati la birika liling'olewa siku hiyo. Mwanawe aliingia na tochi, akatoka akitapika. Chini mlikuwa na matope ya kina cha shubiri nzima na mizoga miwili ya panya, na mfereji wa paa ulioleta maji ulikuwa umejaa vinyesi vya njiwa. Tangu baba wa nyumba afariki, miaka sita, hakuna aliyelisafisha birika lile, kwa sababu hakuna aliyeaminiwa kuingia. Mtoto alipelekwa zahanati, akapewa dawa, na maji ya birika yakapigwa marufuku.

Kikao cha mwisho kilifanyika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mwalimu mkuu, kwa upole wake uleule, alipendekeza iandikwe tu kwamba palitokea hitilafu ya vifaa, ili yaishe kwa amani.

"Hapana," Mama Funguo alisema. "Niliitwa mchafu mbele ya watu hawa, wakacheka. Kama nimesafishika, nisafishwe mbele yao."

Bi Darubini alisimama kabla hajaulizwa. Alishika karatasi ya majibu kama alivyozoea kuishika, akavaa miwani, akasoma. "Shule ya juu, nyeupe. Shule ya kati, nyeupe. Shule ya ufukweni, nyeupe." Kisha akasoma mstari aliouongeza kwa mwandiko wake. "Birika la nyumbani kwangu, manjano. Chupa za shule ya ufukweni zilichafuliwa na mimi. Tangi lilikuwa safi wakati wote, na aliyelitunza nilimsingizia." Aliikunja karatasi, akazitoa funguo mkobani na kuziweka mezani mbele ya Mama Funguo. "Sina cha kujitetea. Nilikuwa natafuta mchafu, sikujua ninatembea naye."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Funguo aliziangalia funguo zile kwa muda mrefu. Wajumbe walisubiri amtolee maneno makali, na baadhi yao walikuwa wameshajiweka sawa kwenye viti ili wasikie vizuri.

"Na mtoto je?" aliuliza. "Hajambo?"

Bi Darubini alivua miwani. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyaficha.

"Hajambo," alisema. "Anakunywa maji ya tangi lako."

Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.